Chuma Kinapoliwa na Maji: Tafakuri ya Mwanafasihi Maabarani

Wahenga walilonga kuwa papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi amekutana na methali hii, na aghalabu sisi huifasiri kuwa wito wa bidii: arudiaye jambo bila kuchoka hatimaye hulifaulu. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini ni fasiri ya upande wa kamba. Upande wa jiwe hatuugusii sana. Je, jiwe huanza kukatika lini? Ni siku ile ufa unapoonekana, au ni siku ya kwanza kabisa kamba ilipopita juu yake na watazamaji wote wakaapa kuwa hakuna kilichotendeka? Swali hili sikulipata katika vitabu vya methali. Nililipata katika maabara ya uhandisi, mahali ambapo vipande vya metali hutiwa majini vikapigwa na viputo hadi vilike.

Huenda msomaji akashangaa mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili alifuata nini huko. Katika nyumba tunayopanga karibu na chuo, chumba cha pili ni cha mwenzangu anayesomea uhandisi wa mitambo. Yeye huniita Malenga nami humwita Mhandisi, na kwa miaka miwili tumekuwa tukitaniana kuhusu nani kati yetu anasoma kitu chenye manufaa. Jioni moja aliniomba msaada usiokuwa wa utani. Alitaka kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya watu wanaoendesha pampu za maji mashambani, awaeleze maradhi ya mitambo ambayo yeye huyachunguza. Michoro alikuwa nayo, na hesabu alikuwa nazo. Maneno ndiyo yaliyomkosa. Nilimjibu kwamba siwezi kukitafutia maneno kitu nisichokijua. "Basi kesho njoo ukione," akasema.

Maradhi hayo wataalamu huyaita kavitesheni, na njia nyepesi ya kuyaelewa ni kuanzia jikoni. Sote tulifunzwa kuwa maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni kweli ukiwa Mombasa au Lamu, penye usawa wa bahari. Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa huo, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza kutoka juu ni hafifu zaidi. Kadiri shinikizo linavyopungua, ndivyo maji yanavyogeuka mvuke kwa urahisi. Shinikizo la hewa ya pwani ni takriban kilopaskali 101. Ukiweza kulipunguza hadi kilopaskali 2.3 hivi, maji ya kawaida yenye nyuzi 20 yatachemka bila hata kijinga cha moto.

Hali hiyo ndiyo hutokea ndani ya pampu. Maji yanapovutwa kutoka mtoni na kuingia kwa kasi kwenye impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalozunguka ndani ya pampu, shinikizo hushuka mno karibu na ukingo wa kila panga. Likishuka kupita kiasi, maji huchemka papo hapo yakiwa baridi, na viputo vya mvuke huzaliwa kwa maelfu. Viputo hivyo havidumu. Mkondo huvisukuma mbele hadi penye shinikizo kubwa, na huko mvuke hurudi kuwa maji ghafla, kiputo kikabomoka kuelekea ndani. Kikibomokea karibu na ukuta wa metali, hakibomoki sawasawa pande zote. Upande ulio mbali na ukuta hudidimia kwanza, ukatoboa kiputo chenyewe na kurusha mchirizi mwembamba wa maji unaopiga metali kwa kasi inayoweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Pigo moja la namna hiyo ni dogo kiasi kwamba macho hayawezi kuliona. Ila mapigo hayo hayaji moja moja.

Ndugu msomaji, umewahi kulisikia birika likiimba kabla ya maji kuchemka. Wimbo ule pia ni wa viputo. Huzaliwa chini penye moto, hupanda, kisha hubomoka wanapokutana na maji ambayo hayajapata joto la kutosha. Birika lako halidhuriki kwa kuwa mibomoko hiyo ni myepesi. Katika pampu, mambo ni mengine kabisa.

Historia ya kuyatambua maradhi haya ilianzia melini. Mnamo 1894 Mwingereza Charles Parsons aliunda chombo kiitwacho Turbinia, kilichoendeshwa kwa mtambo wa mvuke uliozunguka kwa kasi isiyowahi kutumika majini. Majaribio ya kwanza yalimvunja moyo: rafadha yake, yaani lile panga la nyuma linaloisukuma meli, ilizunguka upesi mno ikawa inazungukia katika mvuke badala ya kuyashika maji. Mwaka 1895 alijenga tangi dogo la kuvitazama viputo hivyo, akabadilisha mpangilio wa rafadha zake, na mwaka 1897 Turbinia ikawapita wote kwa mwendo wa zaidi ya noti 34 mbele ya jeshi la majini la Uingereza lililokusanyika kwa jubilei ya Malkia Victoria. Baadaye ilidhihirika kuwa viputo havipunguzi mwendo tu, bali hula metali. Mwaka 1917 mwanafizikia Lord Rayleigh alichapisha hesabu zilizoonyesha jinsi kiputo kinachobomoka kinavyoweza kuzalisha shinikizo kubwa ajabu katika nukta moja. Tangu hapo, kila anayeunda rafadha, pampu au mitambo ya umeme wa maji, ikiwemo ile ya mabwawa yetu ya Mto Tana kuanzia Masinga hadi Kiambere, hulazimika kujiuliza: ni metali gani itakayostahimili?

Swali hilo haliwezi kusubiri jibu la mtoni, kwa maana mto huchukua miaka. Ndiyo sababu kuna jaribio la maabara. Lile alilolitumia Mhandisi hufuata kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM G32, kilichoidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Kifaa chake si cha kutisha. Ni fimbo nene ya metali inayoning'inia wima juu ya bilauri kubwa ya maji yaliyokenekwa, na kwenye ncha yake ya chini hufungwa kipande cha metali inayopimwa. Kipande hicho ni cha mviringo na kina upana wa takriban milimita 16, hivyo ni kidogo kuliko sarafu ya shilingi moja. Huzamishwa milimita chache tu chini ya uso wa maji, na maji hudumishwa katika nyuzi 25. Umeme ukiwashwa, fimbo hutetemeka juu na chini mara 20,000 kila sekunde. Masafa ya mtetemo huo ni sehemu 50 za elfu za milimita, pungufu ya unene wa unywele wa wengi wetu. Fimbo inapopanda, maji yaliyo chini yake hunyimwa shinikizo na viputo huzaliwa. Inaposhuka, viputo hubomoka. Kwa saa moja, hayo hurudiwa mara milioni 72.

Siku ya kwanza nilivishwa viziba masikio. Mtetemo wenyewe uko kwenye ukingo wa kile ambacho sikio la binadamu linaweza kusikia, lakini viputo vinavyobomoka hupiga ukelele mkali wa kukereketa, kama mafuta yanayokaangwa na kioo kinachokwaruzwa kwa pamoja. Chini ya kile kipande cha metali palionekana wingu jeupe lililotulia majini. Ukilitazama hungedhani kuwa lina hatari yoyote.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya ukarani. Kila baada ya muda uliopangwa, Mhandisi alizima mtambo, akakifungua kipande, akakisafisha, akakikausha na kukiweka kwenye mizani inayotambua sehemu moja ya kumi ya miligramu. Alinitajia tarakimu, nami nikaziandika. Kisha kipande kikarudishwa majini. Sikutarajia kwamba katika raundi za mwanzo ningeandika tarakimu ile ile. Chuma kisichoshika kutu kilikuwa kimepigwa mara mamilioni, na mizani ikasema hakijapoteza chochote. Nilimuuliza Mhandisi kama mtambo ulikuwa umeharibika. Akacheka, akakielekeza kipande kwenye mwanga wa dirisha. Uso uliokuwa uking'aa kama kioo ulikuwa umefifia, kama kioo kilichopulizwa pumzi. Chini ya hadubini tuliona vishimo na mikunjo isiyo na idadi. Metali ilikuwa imepondwa, ikajikunja, ikachoka, lakini hakuna chembe iliyokuwa imebanduka bado.

Kipindi hicho kwa Kiingereza hupewa jina linalotokana na kuku kulalia mayai, nasi katika ukurasa wetu tukakiita kipindi cha kuatamia. Neno hilo lilinipendeza kwa kuwa haliongopi. Kuku anapoatamia, mtazamaji haoni chochote kikitendeka kwa siku nyingi, ilhali ndani ya yai kazi inaendelea usiku na mchana. Kwa alumini laini kipindi hiki huwa ni dakika tu. Kwa chuma kisichoshika kutu kinaweza kuwa saa moja au zaidi, na kwa aloi za kobalti hurefuka zaidi ya hapo. Kikiisha, chembe huanza kubanduka. Upotevu huongezeka kwa kasi, hufika kilele na kudumu hapo kwa muda, kisha aghalabu hupungua pale uso unapokuwa umechimbika mno hata viputo vikapoteza makali. Ukichora upotevu dhidi ya muda, mchoro hulala chali kwanza, kisha huinuka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Nilijifunza pia kuwa kupima si kutazama mizani tu. Miligramu moja ya alumini ina ujazo unaokaribia mara tatu ya miligramu moja ya chuma, kwa sababu alumini ni nyepesi. Metali mbili zikipoteza uzito sawa, alumini ndiyo iliyochimbwa zaidi. Kwa hivyo anayetaka kuzilinganisha kwa haki hugeuza uzito kuwa ujazo, kisha ujazo kuwa kina cha wastani cha kulika. Fauka ya hayo, kabla ya kupima metali ngeni, mtambo wenyewe hupimwa kwanza. Hufungwa kipande cha metali ambayo tabia yake inajulikana, aghalabu nikeli takriban safi, na matokeo yake yakikengeuka, mtambo ndio unaoshukiwa, si metali. Hapo niliweka kalamu chini kwa muda. Ni mara ngapi katika maisha yetu yule anayewapima wenzake hupimwa kwanza?

Nilidhani metali iliyo ngumu kuliko zote ndiyo ingeshinda. Ugumu husaidia, lakini hautoshi. Chuma cha kusubu, ambacho pampu nyingi za bei nafuu huundwa kwacho, ni kigumu kukikwaruza, lakini ndani yake mna vipande vyembamba vya kaboni laini mithili ya majani makavu yaliyozikwa udongoni. Viputo hutafuta njia kupitia humo, chuma kikamomonyoka. Mchanganyiko wa shaba, alumini na nikeli hustahimili vizuri zaidi, ndiyo maana rafadha nyingi za meli huundwa kwao. Aloi za kobalti, ambazo ni miongoni mwa hodari kabisa, zina siri yake: zinapopigwa, mpangilio wa atomu zake hubadilika na kumeza sehemu ya nguvu ya pigo. Haziwi kama ukuta unaokataa kusogea. Hujipanga upya ndani kwa ndani huku umbo lake la nje likibaki lile lile.

Na bado Mhandisi alikariri onyo moja mpaka nikalijua kwa moyo: jaribio hili huzipanga metali kwa uhodari, haliagui umri wake mtoni. Hakuna anayeweza kusema kuwa saa kadhaa za bilauri ni sawa na miaka kadhaa ya pampu. Juu ya hayo, metali bora haiponyi maradhi. Hununua muda tu. Tiba ni kuviondoa viputo: kuishusha pampu karibu na maji, kufupisha bomba la kuvutia, kusafisha kichujio kilichozibwa na majani. Kwenye usawa wa bahari, hewa haiwezi kuyasukuma maji juu kupita takriban mita 10.3 hata kama pampu ingekuwa kamilifu. Penye mwinuko wa mita 1,500 kikomo hicho hushuka hadi mita 8.6 hivi, na pampu halisi huanza kuugua mapema kabla ya hapo.

Ni tarakimu hizo za mwisho zilizonifanya nimweleze Mhandisi habari ambayo sikuwa nimemsimulia katika miaka yote miwili ya utani wetu.

Baba yangu alikuwa mwendesha pampu katika shamba moja la mboga, kwenye nyanda za juu. Mwaka 2009, nikiwa shule ya msingi, ukame uliikumba nchi na mto uliokuwa ukipita chini ya shamba ukapungua mpaka mawe yake yakaonekana. Pampu haikuhamishwa. Bomba la kuvutia ndilo lililoongezwa urefu, likafuata maji kila yaliporudi nyuma. Pampu ikaanza kutoa mlio mpya, kama ya kokoto zinazosagwa. Baba alimweleza msimamizi. Alimwambia, kwa Kiswahili chake cha kawaida, kuwa maji yanatafuna chuma. Msimamizi alicheka, akamwamuru aendelee, kwa sababu mboga zilikuwa zikikauka. Miezi michache baadaye maji yalikoma kufika juu. Pampu ilipofunguliwa, impela ilikuwa imetoboka kama kisiki kilicholiwa na mchwa. Ikaandikwa ripoti kwa Kiingereza, lugha ambayo Baba hakuweza kuisoma. Alielekezwa mahali pa kutia sahihi, naye akatia. Ilisema kwamba kwa uzembe wake aliacha kokoto zikaingia katika mtambo. Alifutwa kazi wiki hiyo hiyo. Kijijini akapewa jina la Kokoto, na sisi watoto wake tukawa wana wa Kokoto mpaka tulipomaliza shule.

Ile impela aliichukua. Hakuna aliyeitaka. Kwa miaka mingi Mama aliitumia kuuzuia mlango wa kizimba cha kuku usifunguke usiku. Nilipoenda nyumbani likizo, niliifunga katika gunia, nikaja nayo chuoni.

Mhandisi aliikagua kwa muda mrefu bila utani wowote. Mchanga na kokoto, alinieleza, huacha mikwaruzo na mifereji laini inayofuata mwelekeo wa maji, na huzisugua hasa zile sehemu ambazo maji huzigonga. Impela ya Baba haikuwa na mikwaruzo hiyo. Ilikuwa na vishimo vyenye kingo kali, vilivyosongamana kama sifongo, vyote katika mahali pamoja pa kila panga: nyuma kidogo ya ukingo wa kuingilia, upande ule ambapo shinikizo hushuka. Akaweka kando yake kipande cha chuma cha kusubu alichokuwa amekijaribu mwenyewe. Chini ya hadubini, sikuweza kutofautisha kipi kilitoka maabarani na kipi kilitoka kizimbani.

Jioni hiyo nilimpigia Baba simu. Nilimweleza yote, polepole, kwa maneno ambayo mimi na Mhandisi tulikuwa tumeyatafuta kwa wiki kadhaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Si niliwaambia maji yanatafuna chuma?" Akanyamaza, halafu akaniuliza kama nimekula.

Lile shamba liliuzwa zamani, na hakuna mlango wa kubisha ili jina la Baba lisafishwe. Sidai kuwa jaribio la maabara limemrudishia mishahara yake. Ninachokisema ni kwamba mtu aliyesimama kando ya mtambo ule kila siku aliyatambua maradhi kwa masikio yake, akayataja kwa lugha aliyokuwa nayo, na alichokisema kilikuwa kweli. Hakikuhesabiwa kuwa maarifa kwa sababu hakikuvaa suti ya Kiingereza. Hukumu ikaandikwa kwa lugha ambayo mhukumiwa hakuimudu. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinasema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Je, ni ripoti ngapi za karakana, mashamba na viwanda zinazoandikwa leo kwa lugha ambayo mtia sahihi anaweza kuisoma?

Hapa ndipo mjadala wetu wa istilahi unaponigusa tofauti na zamani. Katika semina zetu tumezoea kuuliza iwapo Kiswahili kinaweza kubeba sayansi, kana kwamba swali hilo ni la heshima ya lugha tu. Tulipoandika ule ukurasa, niliona kuwa lugha ilikuwa tayari imebeba mengi. Kutu hula chuma: kwa hivyo kulika tunako. Kiputo tunacho, na tusikichanganye na povu, maana povu hukaa juu ya maji nacho kiputo hubomoka ndani yake. Kuatamia tunako. Neno kavitesheni tuliliacha mara moja tu, kwenye mabano ya maelezo, ili msomaji akilikuta kwingineko alitambue. Mahali pengine pote tuliandika kuliwa na viputo. Sipingi kukopa maneno, kwani Kiswahili kimekopa tangu kuzaliwa kwake na hakijafa. Ninachopinga ni kukopa kabla ya kuuliza. Anayeendesha pampu huenda analo neno, na huenda lake likawa sahihi kuliko letu.

Tulithibitisha hayo mapema. Msomaji wetu wa kwanza alikuwa Baba. Ndugu yangu mdogo alimsomea ukurasa ule, naye akatoa sahihisho moja. Tulikuwa tumeandika kuwa pampu yenye maradhi haya hupiga kelele. Alisema pampu nzima ndiyo hupiga kelele, kila siku, na mwendeshaji wake huizoea. Pampu inayoliwa hulia. Tofauti hiyo, alisema, ndiyo kila kitu: anayesubiri kelele atachelewa. Tulibadilisha neno hilo, na Mhandisi akakiri kuwa hakuna kitabu chake kilicholieleza jambo hilo kwa ufupi namna hiyo.

Ukurasa huo sasa unasema mambo manne. Ukisikia pampu inalia kama kokoto na huoni kokoto, zima. Kagua kichujio. Pima umbali kutoka pampu hadi usawa wa maji, na kama mto umeshuka, ishushe pampu badala ya kurefusha bomba. Andika tarehe uliyoisikia na jina la uliyemwambia. Hilo la nne halimo katika kiwango chochote cha uhandisi. Niliongeza mimi, na Mhandisi hakulipinga.

Wapenzi wa Kiswahili, chama chetu kina wanachama walio na wenzao katika uhandisi, kilimo, uuguzi na sheria, nao wanalala vyumba vya jirani. Kila mmoja wetu akitafuta mmoja wao, akaenda kukaa karani maabarani kwake kwa muhula mmoja na kutoka na ukurasa mmoja unaoweza kusomwa na mtu anayeishika kazi hiyo kwa mikono, tutakuwa tumefanya zaidi ya makongamano kadhaa. Hatutaona matokeo mara moja. Mizani itasoma tarakimu ile ile kwa muda, na wapo watakaosema kuwa hakuna kilichobadilika. Wasitukatishe tamaa. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na jiwe huanza kukatika siku ya kwanza.